UZI: Kombora la masafa mafupi halifukuzi ndege, linaiwahi mbele ya safari

Mzee wa Mawingu (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Kuna jambo linanikera muda mrefu humu, kila ikiwekwa video ya helikopta imedunguliwa utasikia mtu "kombora limenusa joto likaifuata nyuma nyuma mpaka likaigusa", kama vile mbwa anafukuza sungura. Sio hivyo bana. Lingekuwa linafanya hivyo lingekosa karibu kila siku. Leo nataka tuelewane hii kitu inavyofanya kazi, naongelea haya ya masafa mafupi tu, kuanzia yale ya kurushia begani (Stinger, Igla, Strela na ndugu zao) mpaka ya kwenye magari kama Osa, Tor na Pantsir. Mambo ya S-400 na Patriot, yale ya masafa marefu, tafadhali msilete huku, hiyo ni dunia nyingine.

Kwanza muelewe tatizo lenyewe ni MUDA. Ndege ya kivita ikija kwa kilomita 900 kwa saa maana yake inakata mita 250 kila sekunde. Ukiiona ikiwa kilomita 4 una sekunde 16 ipite juu ya kichwa chako. Ndani ya hizo 16 inabidi uione, ujue ni ya adui au ya kwenu, ulielekeze bomba, kombora liamke, lione, lirushwe, lisafiri, lifike. Ndio maana kila kitu kwenye haya makombora kimebanwa, hakuna nafasi ya kufikiria fikiria.

Sasa tuanze na linavyotoka kwenye bomba maana hapo napo watu wanachapia. Stinger kwa mfano, bomba na kombora lake ni kama kilo 15 na ushee, kombora lenyewe kilo 10, urefu mita 1.5, unene milimita 70, yaani unaweza kulikumbatia kwa viganja viwili. Ukifyatua, injini kubwa HAIWAKI. Kinachowaka ni kainjini kadogo ka kulisukuma tu litoke, kanamaliza baruti yake kabla hata mkia haujatoka kwenye bomba, kombora linaruka mbele mita kadhaa likiwa kama limetupwa kwa mkono, ukiangalia video taratibu utaona kabisa linataka kama kudondoka, mapezi yanafunguka, afu ndio injini kubwa inalipuka FYUUU na limepotea. Ingekuwa injini kubwa inawaka begani, mrushaji angebaki hana uso.

Afu hiyo injini kubwa nayo inawaka sekunde chache tu. Baada ya hapo kombora halina tena moto, linakwenda kwa kasi iliyobaki kama jiwe lililorushwa, ila jiwe lenye akili. Kila likikata kona linapoteza mwendo. Hii ishikeni, tutairudia.

Naendelea na jicho, nipeni dakika.

Kilinge_2

Nimekaa siti ya mbele kabisa, mkuu shusha nondo

Pakacha

Mzee mbona unatuchanganya, kama kombora lina spidi mara mbili ya sauti na ndege haifiki hata spidi ya sauti, si litaifikia tu hata likiifuata kwa nyuma? Ishu iko wapi

Mzee wa Mawingu

Pakacha swali zuri, chukua kalamu. Tuseme kwa wastani wa safari nzima kombora linakwenda mita 500 kwa sekunde (wastani nasema, mwanzo linaanza na sifuri na mwishoni linachoka), ndege mita 250. Ndege ishakupita, inakupa mgongo, iko kilomita 2 mbele. Kila sekunde kombora linapunguza mita 250 tu, kwa hiyo linahitaji sekunde 8, na kwenye hizo sekunde 8 litakuwa limesafiri kilomita 4. Umeona? Umbali ulikuwa 2, safari imekuwa 4. Sasa fanya ndege iwe kilomita 3 ikiwa imekupa mgongo. Sekunde 12, safari kilomita 6. Stinger mwisho wake ni kama 4.8, imeisha hiyo, litafia njiani.

Sasa geuza. Ndege INAKUJA kwako, iko kilomita 5. Wanakutana kwa mita 750 kila sekunde, ni kama sekunde 6 na nusu hivi, na kombora limesafiri kilomita 3 na kitu tu. Kwa hiyo ndege iliyo kilomita 5 usoni inapigika na iliyo kilomita 3 mgongoni haipigiki. Ile namba ya "masafa" wanayoandika kwenye makaratasi ni ya kufurahisha genge tu, masafa halisi yanategemea adui anaelekea wapi.

Na ndio maana Strela-2 ya Warusi, ile iliyoingia jeshini 1968, ilikuwa na shida kubwa. Jicho lake lilikuwa linaona chuma cha moto tu, ile ekzosi ya nyuma. Maana yake huwezi kuirushia ndege ikija, unasubiri ikupite (na pengine imeshakudondoshea bomu) ndio uirushie mgongoni. Kisasi zaidi ya ulinzi.

Pakacha

Duh hesabu nimeielewa aisee, nimetulia

Mzee wa Mawingu

Haya, JICHO. Hapa ndio penye utamu.

Watu wanadhani ndani ya kichwa cha kombora kuna kamera inaona picha ya ndege. Haya ya kisasa kabisa ndio yana kitu kinachofanana na kamera, lakini ya zamani kama Redeye (la Wamarekani kabla ya Stinger) na Strela-2 hayaoni picha yoyote. Lina sensa MOJA. Doa moja. Linachojua ni "kuna joto" au "hakuna joto", basi. Sasa kwa doa moja utajuaje joto liko kulia au kushoto?

Ujanja wao uko hivi. Mbele ya ile sensa wanaweka kisahani kinachozunguka kwa kasi, nusu yake ina mistari inayopitisha na kuziba mwanga kama miale ya jua anayochora mtoto, nusu nyingine imetiwa kivuli sawasawa. Nukta ya joto ikipita kwenye ile nusu ya mistari, sensa inapata mwanga wa kukatika katika, tititititi, ikipita nusu ya kivuli inapata mwanga mfifu uliotulia. Sasa kombora linajua kisahani kipo nyuzi ngapi muda wowote, kwa hiyo likiangalia ile tititi imeanza lini kwenye mzunguko, linajua joto lipo upande gani. Picha hamna, kamera hamna, kuna saa tu. Na kizuri zaidi, wingu kubwa linalong'aa jua linafunika mistari mingi kwa mpigo, halitoi ile tititi safi, kwa hiyo linachujwa lenyewe. Kitu kidogo chenye moto ndio kinaimba.

Na kweli kinaimba, maana ule mtetemo wanautumia kutengeneza sauti anayoisikia mrushaji sikioni. Jicho likishika ndege mlio unabadilika, ndio anajua kombora limeona.

FundiSaa

Mzee niruhusu niongezee hapo maana ndio fani yangu vitu vinavyozunguka.

Hicho kisahani pamoja na kioo chake ni kitu kimoja kizito kinachozunguka, yaani ni PIA. Ile pia ya watoto. Na pia ikishazunguka ina tabia moja ya ajabu, haitaki kugeuzwa. Unaweza kulitikisa kombora, kulipinda, kulizungusha, jicho bado linaangalia palepale angani kama vile halihusiki. Ili uligeuze jicho lifuate ndege inabidi uisukume ile pia kwa sumaku, na nguvu ya kuisukuma ndio KIPIMO cha jinsi ndege inavyohama machoni kwako. Hujahitaji kompyuta. Unachukua ule umeme uliotumia kusukuma pia, unauongeza nguvu mara kadhaa, unaupeleka kwenye mapezi. Kombora linakata kona kwa kadiri jicho linavyolazimika kugeuka. Jicho halijageuka, mapezi yametulia.

Waliobuni hivi vitu miaka ya 50 walikuwa na akili kuliko sisi wenye simu janja.

Mzee wa Mawingu

FundiSaa umenifungulia mlango niliokuwa natafuta ufunguo wake. Na hilo ndio jibu la kichwa cha uzi.

Mabaharia wanalijua hili. Ukiwa chomboni ukaona chombo kingine mbali, ukakitazama dakika ya kwanza kipo usawa wa mlingoti wako, dakika ya tatu kipo usawa ule ule wa mlingoti, dakika ya tano bado pale pale ila kimekuwa kikubwa... geuza usukani haraka maana mnagongana. Kama kinasogea kulia au kushoto machoni mwako, mtapishana. Baharia anaikwepa hiyo hali, kombora linaitafuta. Linachofanya maisha yake yote mafupi ni kuhakikisha ndege ISIHAME kwenye jicho lake. Ikihama kidogo kushoto, linakata kushoto mpaka isimame tena. Ikisimama, maana yake njia zao mbili zinakutana mahali, huko mbele, ambako ndege bado haijafika.

Kwa hiyo halielekei ilipo ndege. Kama mchezaji anayewahi krosi, hakimbilii mpira ulipo, anakimbilia utakapotua. Angalia video ya ndege inayopita kwa ubavu utaona moshi wa kombora umepinda mwanzoni tu, baadae umenyooka kabisa kuelekea anga tupu, afu ndege inaingia yenyewe.

Ndio maana rubani akilishtukia kombora anakata kona kali sana kwa wakati, sio kukimbia. Akikata kona, lile eneo la kukutania linahama mbali, kombora linalazimika kukata kona kali zaidi, na kumbukeni injini ishazima. Kona ni mwendo, mwendo ukiisha mapezi hayashiki hewa.

Chuma cha Reli

Unaongea vizuri ila naona unazunguka bila kusema ukweli kwamba Stinger ndio ilimaliza vita ya Afghanistan. Wamarekani walipeleka zile mashine Warusi wakafunga virago, mbona hutaji

Mzee wa Mawingu

Chuma nilijua utakuja na hili. Mwishoni mwa Septemba 1986 karibu na uwanja wa Jalalabad mujahidina waliangusha helikopta za Mi-24 kwa Stinger, hilo halina ubishi. Ila mazungumzo ya kutoka Afghanistan yalishaanza Moscow hata kabla kombora la kwanza halijarushwa, kiongozi wao Gorbachev alikuwa anatafuta mlango. Kilichobadilika ni jinsi ya kuruka. Marubani walianza kupaa juu zaidi ambako kombora halifiki, kufanya kazi usiku, wakaweka vifuniko vya kuchanganya hewa baridi na moshi wa ekzosi. Na mtu anayedondosha bomu kutoka juu sana halengi vizuri. Hapo ndipo kombora linapofanya kazi yake kubwa hata lisiporushwa, linamfukuza adui kwenye urefu anaoupenda.

Angalia Ukraine 2022 mambo yalivyobanana. Makombora makubwa yanakuzuia kuruka juu, ukishuka chini kukwepa rada unakutana na vijana wana Stinger, Igla, Piorun ya Poland na Starstreak ya Uingereza. Mwisho wa siku helikopta za pande zote mbili zikawa zinakuja chini chini, zinanyanyua pua, zinatupa roketi kwa mbali kama mizinga na kugeuka kukimbia. Roketi zinaangukia huko zinakojua zenyewe.

Bi Tausi

Habari zenu kaka zangu, mimi ni msomaji tu wa kimya kimya ila leo nimeshindwa. Ile mioto inayomwagwa na ndege, inashuka kama fataki, si inalipoteza kombora? Maana nalo linatafuta moto.

Mzee wa Mawingu

Karibu sana dada Bi Tausi, usiwe unakaa kimya. Zile watu wanaziita flea. Kwa makombora ya zamani jibu ni ndiyo, yalikuwa yanapotea vibaya mno, hata jua lenyewe lilikuwa linayateka. Strela-2 ukiirusha karibu na upande wa jua ilikuwa inaweza kuamua kwenda juani, safari njema.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Kwanza wakaipoza sensa. Ukiiwekea gesi ya agoni au naitrojeni iliyobanwa ikatoka kwa ghafla, sensa inaganda kwenye baridi kali mno, na ikiwa baridi inaweza kuona joto dogo zaidi, sio chuma chekundu tu bali hata ule moshi wa injini na ngozi ya ndege iliyopashwa na msuguano wa hewa. Hapo ndipo ukaweza kuirushia ndege ikiwa inakuja.

Halafu wakaja na la pili ambalo mimi ndio nalipenda kuliko yote. Stinger za baadae zina jicho la rangi mbili, moja infraredi (mionzi ya joto) na lingine mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi. Anga lote mchana limejaa hiyo mionzi, linang'aa. Ndege ikipita inaiziba, kwa hiyo kwenye jicho hilo ndege ni KIVULI, shimo jeusi kwenye anga jeupe. Flea yenyewe inang'aa pande zote mbili. Kombora linauliza: hiki kitu ni cha moto, sawa, je ni kivuli? Kama kinawaka kote kote, achana nacho. Pia flea ikitoka tu inapunguza mwendo haraka inabaki nyuma, na ndege haiwezi kusimama ghafla angani, hicho nacho ni kitambulisho.

Nao wa upande wa pili hawakulala. Sasa hivi baadhi ya ndege za kijeshi zina kidude kinachoona kombora likiwaka, kinageuka chenyewe na kulimulika na leza usoni likiwa linakuja, lile tititi linavurugika na kombora linaona joto mahali ambapo hakuna kitu.

Bi Tausi

Shimo jeusi kwenye anga jeupe 😳 asante kaka, nimeelewa kuliko nilivyotegemea

Chuma cha Reli

Kama shida ni kudanganywa, dawa si kutumia la leza? Starstreak halidanganyiki

Mzee wa Mawingu

Hapo Chuma nakubaliana na wewe asilimia kubwa. Starstreak na RBS 70 ya Sweden hayana jicho mbele kabisa. Jicho liko MKIANI. Mrushaji ameshikilia mwanga wa leza juu ya ndege, na ule mwanga umepangwa kama gridi, kombora likiwa ndani yake linasoma "mimi nipo juu kidogo, nipo kulia kidogo" na kujirudisha katikati. Halijui kama kuna ndege. Flea mwaga hata gunia zima, litakuuliza flea ni nini. Na leza ni hafifu kwa sababu haiangazi ndege kwa ajili ya kurudisha mwanga, inatosha tu kombora liisome, kwa hiyo rubani ni vigumu kujua anamulikwa. Starstreak linapita mara tatu ya spidi ya sauti na injini yake ikishazima linatoa mishale mitatu ya chuma kizito.

Kasoro yake ni binadamu. La joto ukirusha unaweza kukimbia ukajifiche. La leza unakaa palepale unatulia mkono mpaka mwisho, na kama ndege ya pili inakuja kwako bahati yako. Wenzetu Waingereza walikuwa na la zamani zaidi, Blowpipe, hilo ulikuwa unaliendesha kwa kidole gumba kama gemu. Ukiwa unapigwa mabomu. Kwenye vita vya Falkland 1982 lilirushwa sana na matokeo yalikuwa ya aibu. Stinger lilikuwepo huko huko kwa uchache tu, tarehe 21 Mei kikosi maalum cha Waingereza, SAS, kikaangusha ndege moja ya Argentina aina ya Pucara.

Kilinge_2

Na ya kwenye magari je? Tor naisikia sana

Mzee wa Mawingu

Ya kwenye magari falsafa inageuka. Begani kombora lina akili na bomba ni bubu. Kwenye Osa, Tor, Pantsir, Crotale, Roland, akili yote ipo kwenye gari, kombora ni kipofu mtiifu. Rada moja inazunguka kutafuta, nyingine inamganda adui, na gari linaliangalia kombora LAKE pia, kompyuta inapima pengo kati ya vitu viwili na kutuma amri kwa redio, kushoto, juu, juu tena. Faida ni kwamba kombora linakuwa rahisi na lina nafasi ya baruti nyingi, Tor kichwa chake cha mlipuko ni kama kilo 15 wakati Strela-2 ilikuwa na kilo moja na kitu. Osa mwanzoni mwa miaka ya 70 ilikuwa ndio ya kwanza kuweka rada za kutafutia, za kulengea na makombora kwenye gari moja linaloogelea.

Tor ukiiona ikirusha ni burudani. Makombora yamesimama wima ndani ya gari. Linatupwa juu likiwa halijawaka, likifika juu ya gari vijipuli vidogo vya gesi vinalipindua pua kuelekea kwa adui, afu ndio linawaka. Gari halihitaji kuyaelekeza makombora kwa adui kwanza, aje upande wowote.

Ubaya wa kuongozwa kutoka chini ni kwamba kosa linakua na umbali. Rada ikikosea kapembe kadogo tu, nyuzi moja ukaigawa vipande kumi na saba hivi, kwa kilomita 2 umekosa mita 2. Kwa kilomita 10 umekosa mita 10. La joto ni kinyume, linavyokaribia ndio linaona vizuri zaidi. Ndio maana haya ya magari yanabaki kuwa ya masafa mafupi na yana kichwa kikubwa, kufidia.

Halafu kuna kosa ambalo hakuna kompyuta italirekebisha. Tarehe 8 Januari 2020 ndege ya abiria ya Ukraine, Boeing 737, iliangushwa muda mfupi baada ya kupaa Tehran kwa makombora mawili ya Tor. Watu 176. Kwa taarifa ya uchunguzi ya Iran wenyewe, gari lilikuwa limehamishwa na kaskazini yake haikupangwa upya, kwa hiyo ndege iliyokuwa inatoka uwanjani ilionekana kwenye kioo kama inakuja kutoka upande mwingine kabisa. Mashine ilifanya kazi yake barabara. Ilikuwa inaangalia ramani iliyopinda.

Pakacha

😔 hiyo siikumbuki bila kuumia

Mzee hilo la kilo moja, kilo moja ya mlipuko inaangusha ndege kubwa kweli?

Mzee wa Mawingu

Mara nyingine HAIANGUSHI, na watu hawalijui hili. Novemba 2003 ndege ya mizigo ya DHL, Airbus A300, ilipigwa kwenye bawa la kushoto ikitoka Baghdad. Mifumo yote mitatu ya mafuta ya kusukumia usukani ikafa. Wale jamaa watatu ndani wakairudisha kwa kuongeza na kupunguza injini tu, kulia kushoto, bila usukani, wakatua salama. Ndege nyingine hazikuwa na bahati hiyo, Viscount ya Air Rhodesia ilipigwa na Strela-2 mwaka 1978 na ikaanguka.

Makombora madogo mengi lazima yaguse kabisa ndipo yalipuke, kwa kilo moja au tatu huwezi kulipukia pembeni ukategemea kitu. Makubwa yana fyuzi ya kuhisi, ikipita karibu inalipua na kumwaga vipande vya chuma kama mvua. Rapier ya Waingereza mwanzoni ilikuwa ya kugusa tu, waliamini watalenga sawasawa kiasi hicho.

Kisa kimoja kidogo. Waisraeli baada ya vita ya 1973 walirefusha bomba la ekzosi la ndege zao za Skyhawk kwa nyuma. Wakaunga kipande cha bati basi. Strela inafuata moto, inalipuka kwenye kile kipande kilichozidi, injini na mkia viko mbele kidogo vinapona. Hakuna elektroniki yoyote hapo.

FundiSaa

Hahaha hiyo ya bati ndio ufundi sasa

Kilinge_2

Kuna mtu aliniambia yale yaliyopotea vitani huwa hayafi hata miaka 30, ni kweli?

Mzee wa Mawingu

Inategemea unauliza kipande gani. Baruti inavumilia miaka mingi ikihifadhiwa pakavu. Inayokufa kwanza ni betri. Stinger ina kikopo kinachochomekwa kwenye mpini, ndani kuna betri ya joto na ile gesi ya agoni pamoja. Ukikiamsha hakilali tena, kinakupa kama sekunde 45 za umeme na baridi, usiporusha umekitupa. Na kikiwa kizee kinaweza kukataa tu. Lakini kukaa unategemea betri za watu zifie stoo sio mpango, ndio maana nchi nyingi 2003 zilikubaliana masharti makali ya kuuza haya ya begani kupitia Wassenaar, makubaliano ya nchi kuhusu uuzaji wa silaha, na Marekani imekuwa ikigharamia kuharibu maelfu kwa maelfu yaliyozagaa.

Chuma cha Reli

Sasa na droni mzee? Hii Shahed inakuja mwendo wa pikipiki, injini yenyewe kama ya mashine ya kukata majani, joto liko wapi hapo

Mzee wa Mawingu

Joto lipo ila ni kidogo, na sensa ya kisasa inaliona. Shida sio kuipiga, inapigika, tena ni rahisi maana haikati kona. Shida ni kwamba umetumia kombora la bei kubwa kuliko kile ulichoangusha, na kesho zinakuja mia. Ndio maana Ukraine walifurahia Gepard za Ujerumani, zile za mizinga miwili ya milimita 35 zilizokuwa zishastaafishwa, risasi zinaisha unaongeza. Pantsir nayo imebeba vyote viwili, makombora 12 na mizinga ya milimita 30. Na Iron Dome ya Israel tangu 2011 inafanya kitu cha ubahili kabisa, rada inapiga hesabu roketi itatua wapi, ikiona itatua porini inaiacha ipite.

Bi Tausi

Kaka swali la mwisho nisikuchoshe. Kombora likikosa, linaenda wapi?

Mzee wa Mawingu

Linajiua dada. Lina saa ndani, zikipita sekunde kumi na kitu toka lirushwe bila kugusa chochote linajilipua lenyewe huko juu, ili lisije likadondokea vichwa vya waliolirusha. Ukiona kwenye video kale kamoshi kadogo kanapasuka peke yake angani mbali na ndege, ndio hilo.

Bi Tausi

Kumbe! Nilikuwa nadhani pale limeipata.

Mzee wa Mawingu

Hata wanaotuma hizo video huwa wanadhani hivyo hivyo 😂